Arrow Rock: Kijiji ambacho siku yake ya kura ingali ukutani

Ukitoka jiji la St. Louis kuelekea Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, utasafiri karibu saa tatu katikati ya mashamba ya mahindi na soya kabla ya kufika njia panda ya Arrow Rock. Hapo unaiacha barabara kuu, unashika upande wa kaskazini kwa mwendo wa kilomita 20 hivi, na mara unajikuta katika kijiji kidogo chenye nyumba za matofali na mbao, miti mikubwa na kimya kingi. Hesabu ya watu ya 2010 ilipata wakazi 56. Basi moja la kwenda Mombasa lingewatosha wote, na huenda utingo angebaki akiita abiria wengine.

Usidanganyike na udogo huo. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuanza 1861, mji huu ulikuwa na watu wapatao 1,000. Ulikuwa na bandari yake mtoni, maduka, wahunzi, wanasheria na wanasiasa wa kila aina. Halafu reli ikapita kwingine. Mto nao, ule mto Missouri wenye maji ya rangi ya udongo, ukahama ukauacha mwamba wa bandari nchi kavu. Mji uliokosa reli na kukimbiwa na mto ungefanya nini kingine ila kusinyaa?

Lakini msomaji, kuna jambo moja ambalo miji mingi mikubwa kuliko huu haina. Watu wake wa miaka ya 1840 na 1850, waliokuwa wakivunja ardhi mpya pembezoni mwa nchi yao, walichorwa wakiwa hai na mwenzao aliyeishi nao, aliyekula nao na aliyegombea kura zao. Jina lake ni George Caleb Bingham. Nyumba aliyoijenga kwa matofali mwaka wa 1837 ingalipo, nayo ni ndogo kiasi kwamba mgeni huipita akidhani ni jikoni ya nyumba nyingine.

Mwamba wa mishale

Jina la kijiji lina maana ya mwamba wa mishale. Juu ya mto kuna jabali lenye mawe magumu ambayo wenyeji wa asili waliyachonga kuwa vichwa vya mishale kwa karne nyingi. Wapelelezi Lewis na Clark walilitaja jabali hilo walipopita mtoni mwaka wa 1804. Wenye nchi wakati huo walikuwa Waosage, na kwa mkataba wa 1808 walitoa sehemu kubwa sana ya ardhi yao kusini mwa mto Missouri. Sisi ambao babu zetu waliwekewa mikataba ya namna hiyo tunajua jinsi neno hilo "walitoa" linavyoweza kubeba mengi.

Baada ya hapo walowezi walimiminika kutoka Virginia, Kentucky na Tennessee. Walikuja na magari ya kukokotwa na maksai, na wengi wao walikuja na watumwa. Mji wenyewe ulipimwa viwanja mwaka wa 1829. Mwaka wa 1834 bwana mmoja kwa jina Joseph Huston akajenga hoteli ya wasafiri ambayo hadi leo huwauzia wageni chakula. Wafanyabiashara waliokuwa wakienda Santa Fe, mbali huko kusini magharibi, walivukia hapa kwa pantoni.

Wachoraji wengine mashuhuri walipita chini ya jabali hili wakiwa ndani ya meli ya moshi. George Catlin alipita 1832, na mwaka uliofuata akapita Karl Bodmer, kijana kutoka Uswisi aliyeajiriwa na mwana wa mfalme wa Kijerumani. Wote wawili walikuwa na haraka ya kwenda juu zaidi mtoni kuwachora wenyeji wa asili kabla, kama walivyoamini, hawajatoweka. Picha zao ni hazina kubwa. Hata hivyo mlowezi mwenye suruali iliyotiwa viraka, anayebishana sokoni juu ya bei ya nguruwe, hakuwavutia. Huyo aliachiwa Bingham.

Mtoto wa mdhamini

Bingham alizaliwa Virginia mwaka wa 1811. Baba yake alikuwa na mali, lakini alimdhamini rafiki yake kwa deni, rafiki akashindwa kulipa, na mali ikaenda. (Wangapi kati yetu hawajamwona jirani akipoteza shamba kwa njia hiyo hiyo?) Mwaka wa 1819 familia ikahamia Missouri, katika mji wa Franklin, ng'ambo ya mto, ambapo baba alifungua hoteli na kuanza biashara ya tumbaku. Mwaka wa 1823 malaria ikamwua. George alikuwa na umri wa miaka 12.

Mama alikuwa mwanamke shupavu. Alifungua shule ya wasichana ili alee watoto wake, na George akawa anafagia madarasa. Masomo ya uchoraji hakuyapata. Alichopata ni bahati ya kukutana na mchoraji Chester Harding, aliyepita Franklin mwaka wa 1820 baada ya kumchora mzee Daniel Boone, mwindaji aliyesifika kwa kuwaongoza walowezi magharibi. Mtoto wa miaka tisa aliruhusiwa kumsaidia mgeni kazi zake na kutazama jinsi sura ya mtu inavyojitokeza kwenye turubai. Baadaye George aliwekwa kwa fundi seremala kujifunza ufundi. Alipofika ujana alipatwa na surua kali iliyompukutisha nywele zote, na tangu hapo akavaa wigi maisha yake yote.

Alianza kwa kuchora sura za watu kwa malipo. Katika nchi mpya kazi hiyo haikuwa ya anasa kama tunavyoweza kudhania. Mtu aliyekuwa amekata miti, akajenga nyumba na kuzika watoto wawili kwa homa, alitaka kuacha ushahidi kwamba alikuwako. Kamera ilikuwa haijafika. Kwa hiyo Bingham alihama kutoka mji hadi mji na masanduku yake ya rangi, akichora mahakimu, wake wa wafanyabiashara na wahubiri. Ukiziangalia sura hizo za mwanzo utaona ni ngumu kama mbao. Lakini macho yake yamo, nayo hayakukwepa mikunjo wala pua kubwa.

Watu wa mtoni

Ilipofika 1845 alichora picha iliyomtoa gizani. Inaonyesha mtumbwi uliobeba ngozi za manyoya ukiteremka mtoni asubuhi ya ukungu. Nyuma kuna mzee Mfaransa anayepiga kasia, katikati amelala kijana wake wa mama mwenyeji wa asili, na mbele kuna mnyama mdogo mweusi aliyefungwa kamba. Watu wamebishana kama ni paka au mtoto wa dubu, ingawa jumba linaloihifadhi picha hiyo, Metropolitan Museum la New York, linasema ni dubu. Bingham mwenyewe aliita picha hiyo kwa jina lililosema wazi kwamba mmoja ni baba Mfaransa na mwingine ni mwana wake chotara. Chama cha sanaa cha New York kilichoinunua kwa dola 75 kilibadilisha jina, kikawaita tu wafanyabiashara wa ngozi. Ile familia ya damu mbili ikafutwa kwa kalamu, ingawa nyuso zake zingali pale pale.

Mwaka uliofuata akachora mabaharia wa mashua bapa wakijiburudisha. Wako wanane. Mmoja anacheza ngoma juu ya paa la mashua, mwingine anapiga fidla na wa tatu anagonga kikaango kwa vidole. Chama kile kile kiliichapisha picha hiyo na kuwapelekea wanachama wake maelfu kwa maelfu, na hivyo vibarua wa mto Missouri wakaning'inia katika sebule za mabwanyenye wa mashariki. Yafaa kusema kwamba kazi ya mashua ilikuwa ya kuvunja mgongo na kwamba Bingham hakuchora migongo iliyovunjika. Alichora mapumziko. Alijua mnunuzi anataka nini.

Kwinini na kura

Ili kuielewa picha kubwa kuliko zote za Bingham, yafaa kwanza umjue daktari. Karibu na Arrow Rock aliishi Dkt. John Sappington. Walowezi wa bonde hili walikuwa wakiumwa malaria kila mwaka, na madaktari wengi wa siku hizo walikuwa wakiwatoa damu na kuwapa dawa za kuharisha mpaka mgonjwa akamalizika nguvu. Sappington alipinga matibabu hayo. Yeye alitengeneza vidonge vya kwinini akavisambaza kwa wauzaji waliozunguka na farasi kote magharibi na kusini. Mwaka wa 1844 alichapisha kitabu kuhusu homa, na humo akaitoa siri ya vidonge vyake ili kila mtu aweze kujitengenezea. Mtu yeyote aliyelelewa Kisumu au Malindi ataelewa kwa nini daktari huyo aliheshimiwa kama mtume.

Heshima huzaa siasa. Mabinti zake watatu waliolewa, mmoja baada ya kifo cha mwingine, na mwanasiasa mmoja, Claiborne Jackson, aliyekuja kuwa gavana. Mkwe mwingine, Meredith Marmaduke, naye alikuwa gavana. Na mwanawe, Erasmus Darwin Sappington, alitaka kiti katika bunge la jimbo kwa tikiti ya chama cha Democratic. Mwaka wa 1846 aliyejitokeza kumpinga, kwa tikiti ya Whig, alikuwa mchoraji wetu mwenye wigi.

Bingham alishinda kwa kura tatu. Sappington akapinga matokeo, shauri likapelekwa bungeni ambako Democratic walikuwa wengi, na kiti akapewa Sappington. Bingham alighadhabika mno. Miaka miwili baadaye, 1848, walipambana tena na safari hii mchoraji akashinda bila ubishi. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi kura inavyopatikana na jinsi inavyopotea, na mambo hayo hayakumtoka.

Mwaka wa 1852 akaichora. Picha hiyo, inayoonyesha uchaguzi wa wilaya, iko leo katika jumba la sanaa la St. Louis ndani ya bustani ya Forest Park, na kuingia ni bure. Upana wake ni kama sentimita 130 tu, lakini simama mbele yake kwa nusu saa na hutachoka. Watu zaidi ya 50 wamejaa mbele ya mahakama siku ya kura. Juu ya ngazi, mwanamume mwenye shati jekundu ameweka mkono juu ya Biblia anaapishwa na mwamuzi. Nyuma yao makarani wanaandika. Chini yake kidogo mgombeaji amevua kofia kwa adabu nyingi na anamwinamia mpigakura huku akimpa kadi. Wataalamu wengi wanasema mgombeaji huyo ni Sappington mwenyewe, na wapo wanaosema mwamuzi ni Marmaduke. Kama ni hivyo, basi anayeapisha wapigakura ni shemeji ya mgombeaji.

Angalia pia upande wa kushoto, ambapo mtu mnene ameketi akimiminiwa pombe. Karibu na ngazi mwanamume aliyelewa chakari anaburutwa na mwenzake kwenda kupiga kura. Miguu yake haimbebi, lakini kura yake ni halali. Mwingine, upande wa kulia, amekaa juu ya benchi akiwa amefungwa bendeji kichwani baada ya kupigwa. Wawili wanarusha sarafu. Watoto wawili chini kabisa wamezama katika mchezo wa kurusha kisu kichome ardhini. Na juu ya umati huu wote bendera ya buluu inatangaza kwamba matakwa ya wananchi ndiyo sheria kuu. Katikati ya ngazi ameketi mtu ameinama akichora juu ya goti lake, na inaaminika huyo ni Bingham.

Hapakuwa na kura ya siri. Mpigakura alitamka kwa sauti jina la amtakaye, mbele ya mgombeaji, mwajiri wake, mdai wake na jirani zake. Utaratibu huo uliendelea Missouri mpaka 1863. Wasomaji waliokuwa watu wazima mwaka wa 1988 hawahitaji kuelezwa hali hiyo inavyokuwa. Walisimama katika mlolongo nyuma ya picha za wagombeaji, machifu wakihesabu, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Wengine waliona kwa macho mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Nadhani Mkenya anaweza kuisoma picha hii haraka kuliko Mmarekani wa leo aliyezoea kibanda na pazia.

Walio pembeni

Hesabu sasa wanawake katika umati ule wa wapigakura. Hakuna hata mmoja, kwani hawakuruhusiwa, na katiba ya Marekani haikuwahakikishia haki hiyo hadi 1920. Halafu watafute watu weusi. Utamkuta mmoja, yule anayemmiminia mtu mnene pombe. Katika picha nyingine, aliyoichora 1854 na 1855 kuonyesha matokeo yakitangazwa, mtu mweusi anasukuma wilibaro mbele ya umati huku wanawake wakitazama kutoka roshani ya hoteli. Picha hii ya pili ilipelekwa Washington mwezi wa Januari 2017 ikatundikwa katika karamu ya kuapishwa kwa Rais Donald Trump, jambo lililoleta malalamiko huko St. Louis.

Sasa linganisha na wilaya yenyewe. Katika hesabu ya watu ya 1860, karibu mtu mmoja katika kila watu watatu wa wilaya ya Saline, ambamo Arrow Rock imo, alikuwa mtumwa. Mashamba ya tumbaku na ya mimea ya kutengenezea kamba yalilimwa kwa mikono yao. Bingham aliwahi kumiliki watumwa yeye mwenyewe, ingawa alipinga utumwa usienezwe katika maeneo mapya na wakati wa vita alisimama na serikali ya Muungano. Tukisema kwamba picha zake zinatuonyesha maisha ya walowezi yalivyokuwa, tuongeze kwamba zinatuonyesha theluthi mbili yake. Theluthi nyingine imesimama ukingoni na jagi mkononi.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayefika Arrow Rock asiishie katika nyumba ya mchoraji. Baada ya ukombozi watu weusi walijenga maisha yao hapo hapo kijijini, na kanisa lao dogo la mbao, Brown's Chapel, limehifadhiwa. Wao hawakupata Bingham wa kuwachora. Habari zao zimekusanywa kutoka udongoni, kwa wachimbuzi wa mambo ya kale waliopata vipande vya sahani, vifungo na chupa za dawa.

Hasira ya mwisho

Vita vilipokuja Bingham akawa mweka hazina wa jimbo kuanzia 1862. Mwezi wa Agosti 1863, baada ya waasi kuuteketeza mji wa Lawrence katika jimbo jirani la Kansas, Jenerali Thomas Ewing wa jeshi la Muungano alitoa Amri Nambari 11. Wakazi wa wilaya za Missouri zilizopakana na Kansas waliamriwa kuhama makwao kwa siku 15. Nyumba na mashamba yalichomwa. Bingham, ingawa alikuwa upande huo huo wa serikali, aliapa kumwaibisha jenerali huyo. Alichora familia inayofukuzwa: mzee mbele ya nyumba yake, binti akimsihi askari, maiti ardhini, watu weusi wakiondoka wakilia, na nyuma yao moshi hadi upeo wa macho. Picha hiyo, sikufichi, si nzuri kama zile za kura. Kila mtu ndani yake anaonekana kama mwigizaji jukwaani. Ghadhabu imemfanya asahau kutazama. Ewing alipogombea ugavana wa Ohio mwaka wa 1879, picha hiyo ilitumiwa kumpinga, naye akashindwa. Bingham hakuyaona matokeo, kwani alikuwa ameaga dunia mwezi wa Julai mwaka huo.

Aliacha kitu kimoja zaidi. Kabla ya kuanza picha kubwa alikuwa akichora kila mtu peke yake juu ya karatasi, kwa penseli na wino: mlevi, mzee wa kofia, kijana anayecheka, mchuuzi. Zaidi ya michoro 100 ya namna hiyo ilibaki katika maktaba ya Mercantile mjini St. Louis. Miaka ya 1970 maktaba ilihitaji fedha ikataka kuiuza michoro hiyo, na ilionekana wazi ingetawanyika kwa matajiri wa kila pembe. Gavana wa jimbo akaanzisha mchango. Mashirika yalitoa, wananchi wakatoa, na watoto wa shule za Missouri wakachanga senti zao madarasani. Michoro ikanunuliwa kwa jina la watu wa Missouri, na mpaka leo haijauzwa.

Ukienda, nenda wakati wa kiangazi. Ukumbi wa michezo ya kuigiza wa kijijini huwa unafanya kazi, hoteli ya Huston inapika kuku wa kukaanga, na wageni ni wengi kuliko wenyeji. Pitia kwanza St. Louis uwatazame wale watu ukutani. Ukishafika Arrow Rock, wafuate mitaani, ukianza na mahali mashua zilipokuwa zikitia nanga, ambapo sasa pana miti tu.